Chaki inapoishia: uzi wa walimu wa Tanga kuhusu vishikwambi, projekta na somo lenyewe

Mwalimu wa Sahare (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu, na walimu wenzangu popote mlipo, kuanzia Mkinga hadi Kilindi.

Nafundisha Biolojia sekondari ya kata hapa Tanga mjini, huu ni mwaka wangu wa 11. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na leo nimeamua kuliandika lote, tulijadili kama watu wa kazi moja.

Shuleni kwetu kuna projekta. Ipo kabatini, ndani ya boksi lake, na ufunguo anao mtu mmoja. Ukiihitaji unasaini daftari. Ikianguka, ikiungua, ikipotea, jina lililoandikwa pale ni lako. Sasa mwalimu mwenye mkopo na watoto wawili shuleni, jina lake alipeleke kwenye daftari hilo la nini? Miaka inapita, projekta haijatoka. Halafu watu wanasema walimu wanaogopa teknolojia. Walimu hawa hawa wanatuma pesa kwa simu, wanajaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, kwa simu, wanaendesha vikoba na kamati za harusi WhatsApp usiku kucha. Kifaa hakiwatishi hata kidogo. Kinachowatisha ni deni.

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vikaletwa kwa walimu. Nilifurahi kwelikweli. Tukapata semina ya siku mbili: namna ya kuwasha, kufungua barua pepe, kuingia Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) na kupakua vitabu. Yote yana faida. Lakini Jumatatu niliingia darasani na wanafunzi 84, kishikwambi kimoja, na swali ambalo semina haikuligusa: katika dakika 40 za kipindi, hiki kitu nakitoa saa ngapi, na kwa kazi gani?

Mara ya kwanza nilikitoa mwanzo. Nikaweka video ya dakika 20 kuhusu mzunguko wa damu, nikakinyanyua juu kwa mikono miwili. Waliokaa mbele waliona. Wa katikati waliona rangi rangi. Wa nyuma waliona mwanga tu, na msimulizi anaongea Kiingereza cha Marekani mbio mbio, hakuna aliyeambulia neno. Kipindi kikaisha, sikufundisha kitu. Nikakirudisha kwenye mkoba, kikakaa miezi.

Kilichonirudisha ni mtoto mmoja wa Kidato cha Pili. Kila mwaka nachora moyo ubaoni, vyumba vinne, mishale ya bluu na nyekundu, nao wanakopi. Yule binti akanyoosha kidole: “Madam, damu inajuaje isirudi nyuma?” Nikaanza kueleza valvu, vile vilango vya moyo. Nikaona macho yao. Mchoro umesimama, na valvu ni kitu kinachofanya kazi kwa kujongea. Chaki yangu ilikuwa imefika mwisho wake pale.

Nikawaambia wafikirie dema, ule mtego wa samaki. Watoto wa Sahare hawafundishwi dema ni nini, baba zao wanayatega. Samaki anaingia mdomoni, njia ya kurudi haioni. Wakafurahi, ila mmoja akapinga: “Madam, mdomo wa dema haufungi.” Kweli haufungi. Siku iliyofuata nikaja na video ya sekunde 40 tu, valvu inafunguka na kufunga. Sauti nimezima. Wanafunzi 12 wanazunguka kishikwambi kwa dakika mbili, wengine wanaendelea na kazi ya kuchora, kisha wanabadilishana. Swali nililowapa kabla hawajatazama lilikuwa moja: onyesha kinachofunga, na kinasukumwa na nini. Wakabishana wao kwa wao. Yule aliyesema mdomo wa dema haufungi ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba damu yenyewe, ikitaka kurudi, ndiyo inayoufunga mlango.

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja. Sianzi na kifaa. Naanza na mahali ambapo darasa langu huanguka kila mwaka, najiuliza kama chaki, kitu cha mkononi au kutoka nje kunatosha. Ikitosha, kishikwambi kinabaki kwenye mkoba. Mikoko siwaonyeshi kwenye kioo, nitawaonyeshaje mikoko kwenye kioo na ipo pale chini, kutembea tu? Lakini silikanti nitamwonyesha. Huyu samaki dunia ilimjua kwa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, ikadhani alitoweka zamani za dinosauria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na kwetu hapa wavuvi wamempata mara nyingi, mpaka ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake mwaka 2009, kutoka Tanga kushuka kuelekea Pangani. Anaishi kwenye kina ambacho mwalimu hawezi kupeleka darasa. Video yake akiogelea ni ya dakika moja: mapezi yake yanapishana kama miguu ya mnyama anayetembea. Kidato cha Nne wakiliona hilo, mada ya mabadiliko ya viumbe haina tena haja ya mimi kuwabembeleza waamini kwamba inawahusu.

La mwisho, halafu niwaachie. Sikufika hapa peke yangu. Tuko watatu, mimi, mwenzangu wa Jiografia na wa Hisabati, tunakaa Alhamisi mchana baada ya vipindi. Kwenye MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, hii inaitwa jumuiya ya ujifunzaji. Kila mmoja analeta sehemu moja tu inayomshinda. Wa Jiografia alitaka video ya kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko. Tukazungumza saa nzima, tukaamua rundo la mchanga mbichi na kamba lingefanya kazi vizuri zaidi, na lilifanya. Wa Hisabati anapiga picha kazi ya mwanafunzi aliyekosea, jina amelificha, anaikuza, darasa linatafuta kosa liko mstari gani. Vitu vidogo. Ila vinatumika kila wiki, na projekta sasa inatoka kabatini kwa sababu tulikubaliana na mkuu wa shule kwamba tunaisaini watatu kwa pamoja.

Nyinyi wenzangu mmefanyaje huko mliko? Nataka kusikia, hasa wa shule za msingi na wa vijijini.

---

Mzigua wa Handeni

Mwalimu, nimesoma yote. Mimi nafundisha msingi, darasa la kwanza na la pili.

Nikumbushe kitu ambacho wengi mjini hawakijui. Mkoa wetu huu ndiko lilikofanyiwa jaribio la Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuanzia mwishoni mwa 2017, miezi 15. Takriban vijiji 170, watoto karibu 3,000, wengi hawajawahi kuingia shule. Kila mtoto kishikwambi chake, kuchaji kwa sola pale pale kijijini, na mwalimu hayupo. Programu tano zilishindanishwa, zote kwa Kiswahili, na 2019 zawadi ya dola milioni 10 wakagawana wawili, Kitkit School na onebillion. Mwanzoni zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Nina mpwa wangu alikuwemo. Alijifunza herufi akiwa anachunga mbuzi. Kwa hiyo swali langu ni la moyoni: ikiwa mtoto anaweza kusoma bila sisi, nafasi yetu ni ipi?

---

Mwalimu wa Sahare

Kaka, ahsante sana, hili nilitaka lisemwe na mtu wa huko.

Ninaliona hivi. Jaribio lile lilikusudiwa sehemu ambako mwalimu hayupo kabisa, na kwa mtoto ambaye hana shule, nusu ile ni neema kubwa, sitaibeza. Lakini itazame nusu ya pili. Miezi 15, kishikwambi chake mwenyewe, programu zilizotengenezwa na watu waliobobea, na bado nusu hawajaweza. Hao ndio wanaokuja kukaa dawati la mwisho darasani kwako. Wewe ndiye unayemwona Shabani anachanganya “b” na “d”, unamsogeza mbele.

Lingine ambalo naona lina uzito: vitu vile vilizungumza Kiswahili, kwa sauti za watu, kuanzia sauti ya herufi. Linganisha na kile nilichokiweka mimi siku ya kwanza, Mmarekani anayekimbia. Kwa kuwa washindani walitakiwa kuziachia programu zao bure, mwalimu wa msingi leo anaweza kuzitumia bila kununua. Umewahi kujaribu?

---

Mzigua wa Handeni

Bado. Ila nimefanya la kwangu. Hadithi za kitabu cha darasa la pili nimezirekodi kwa simu kwa sauti yangu, taratibu, nikigonga meza kila mwisho wa sentensi. Watoto wanaosoma polepole wanakaa sita sita na spika ndogo ya redio yenye sehemu ya flashi, wanafuata kwa kidole. Mimi nabaki na wale ambao hawajatoka kwenye silabi. Kabla ya hapo nilikuwa siwafikii hata mara moja kwa wiki.

---

Mama wa Makorora

Mimi si mwalimu, ni mzazi. Naomba niseme kwa heshima. Watoto wetu wamekatazwa simu shuleni, sawa, tumekubali. Lakini mtoto anakuja nyumbani anasema mwalimu alikuwa na simu kipindi kizima. Mimi najuaje alikuwa anafundisha au anachati?

---

Mwalimu wa Sahare

Dada yangu, una haki ya kuuliza, na sitawatetea walimu kwa kitu kisichotetewa. Wapo wanaochati.

Mwulize mtoto swali hili akirudi: “Ile simu ilikuwa inawaonyesha nini, na mwalimu aliwauliza nini baada ya hapo?” Akikujibu kwa ufasaha, lilikuwa somo. Mimi kwa upande wangu, kishikwambi nikikitoa nakiweka mezani kwa wanafunzi, kioo kinawatazama wao. Simu yangu binafsi inabaki ofisini.

---

Kijana wa Duga

Bando analipa nani?

---

Mwalimu wa Sahare

Swali fupi lenye uchungu mdogo wangu. Kwa sasa, mwalimu. Ndiyo maana darasani sitegemei intaneti hata siku moja. Napakua usiku kwa bando la usiku, nafuta kisichofaa, nabakiza vipande vifupi, tunarushiana ofisini kwa Xender, programu ya kutumiana mafaili bila bando. Mmoja akipakua, watatu wanacho. Kuna michezo ya sayansi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mingine imetafsiriwa kwa Kiswahili. Ukishaipakua inafunguka bila mtandao. Mwenzetu wa Fizikia anafundishia saketi za umeme, wanafunzi wanaunganisha waya na taa kwenye kioo kwanza, ndipo wanagusa betri za kweli ambazo tunazo mbili tu.

Lakini nakubaliana nawe, hili halipaswi kuwa mzigo wa mfuko wa mwalimu.

---

Mzee wa Chaki

Wajukuu zangu, mimi nimestaafu, nilisomea ualimu Korogwe. Uzi huu nimesomewa na binti yangu na nimemwambia aandike kwa niaba yangu.

Haya mnayozungumza tuliyaona na redio. Kulikuwa na vipindi vya redio kwa shule. Shule moja mwalimu anawasha, anakwenda ofisini kunywa chai; watoto wanalala. Shule ya pili mwalimu amesoma kijitabu cha mwongozo jana yake, ameandika maneno magumu ubaoni, kipindi kikiisha anazima na kuuliza. Redio ni ile ile, betri zile zile.

Na mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili nchi nzima walisikiliza wakiwa vikundi. Hawakuachiwa redio tu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kitabu, na baada ya kusikiliza wanajadiliana kisha wanakwenda kuchimba choo. Nilikuwa kiongozi wa kikundi kijijini kwetu nikiwa kijana. Vyoo tulivyochimba nimeviona kwa macho yangu. Bila kile kikao cha baada ya redio, nani angeshika jembe?

---

Mwalimu wa Sahare

Shikamoo babu. Umenipa neno ambalo sikuwa nalo. Nimekuwa nikiandaa kile watakachotazama kwa saa nzima, na kile tutakachozungumza baada ya kutazama kwa dakika tano. Nitageuza.

---

Mkufunzi

Nafundisha chuo cha ualimu, niongeze kidogo kwa upande wa nadharia kwa sababu naona uzi unaithibitisha.

Mwaka 1989 Fred Davis alieleza kwamba mtu hukubali teknolojia kwa mambo mawili makubwa: anaona itamfaa katika kazi yake, na anaona si ngumu kuitumia. Semina zetu nyingi zinashughulikia la pili, namna ya kubonyeza. La kwanza mwalimu anaachiwa alitafute mwenyewe. Halafu 2006 Mishra na Koehler wakaongeza jambo ambalo mimi nalifundisha kila mwaka: kujua kompyuta ni ujuzi mmoja, kujua Biolojia ni wa pili, kujua kufundisha ni wa tatu, lakini mwalimu anayefaulu ana ujuzi wa pale vitatu vinapokutana. Lile swali la valvu, sekunde 40, sauti imezimwa, limekaa hapo hapo.

Na kwa wanaodhani vifaa pekee vinatosha, Peru iligawa kompyuta kwa watoto wa shule za msingi kwa mamia ya maelfu. Utafiti uliofanywa katika shule 319 za vijijini ulikuta kompyuta zinatumika zaidi, ila alama za Hisabati na lugha hazikupanda. Hili lilichapishwa 2012. Tuna bahati ya kujifunza kwa waliotangulia.

---

Fundi Ngamiani

Walimu, mimi ni fundi simu, Barabara ya Nane. Naletewa vishikwambi vya shule mara kwa mara na nina ombi. Msiviweke kabatini vikiwa chaji imeisha! Betri ya lithiamu ikikaa miezi bila chaji inakufa, wakati mwingine inavimba na kusukuma kioo. Likizo ikifika kiacheni na chaji ya nusu, mahali pasipo na joto, na mara moja kwa mwezi mtu akiwashe akiongeze. Vingi ninavyoletewa havikuharibiwa na wanafunzi. Vimeharibiwa na kufungiwa.

---

Msambaa wa Soni

Hodi uzini. Mimi ni mwalimu mpya, mwaka wa pili, Kemia. Natumia akili unde (AI) kuandaa andalio la somo, inanisaidia sana kupangilia muda. Ila niliomba mifano ya hali za maada ikaniletea theluji na radieta ya kupashia nyumba joto. Huku Lushoto baridi tunayo, theluji hapana. Nikaondoa, nikaweka umande kwenye majani ya kabichi asubuhi na mashamba ya chumvi ya pwani ambayo wanafunzi wangu wengi hawajayaona. Je, nafanya makosa kuitumia?

---

Mwalimu wa Sahare

Mdogo wangu, ulichofanya kwenye theluji ndiyo kazi ya ualimu yenyewe. Itumie kama mwanafunzi wa mafunzo aliyekuletea rasimu: unaisoma, unaikata, unaikagua kila ukweli kwenye kitabu kabla haijafika ubaoni, kwa sababu ikikosea inakosea kwa kujiamini. Ninachokuomba, andalio lisiwe la kuonyesha mkaguzi tu. Na umande wa kabichi ni mfano mzuri mno, nitaukopa kwa wanafunzi wangu wenye ndugu huko juu.

Chumvi nikutumie picha nilizopiga mwenyewe Mkinga, maji yakiingia, yakikauka, chumvi ikikwanguliwa. Picha nne tu. Niandikie inbox.

---

Pangani Mashariki

Mwalimu wa Sahare, nimeipakua ile ya silikanti. Jumatatu vipindi vya tatu na nne, Kidato cha Nne, wanafunzi 61. Projekta hatuna, nina kishikwambi na spika. Nitaleta mrejesho.

---

Pangani Mashariki (siku tano baadaye)

Nimerudi wakuu.

Niliwagawa makundi matano. Kabla ya kutazama niliwaandikia swali ubaoni: mapezi yanajongeaje tofauti na ya changu au tasi? Sauti nilizima. Kundi la pili walipomaliza walirudia mwendo ule kwa mikono yao, mmoja mbele mwingine nyuma, darasa zima likafuata.

Kisha tukafunga kifaa, tukazungumza, kama alivyosema babu. Binti mmoja akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: “Ikiwa anaishi chini sana, wavuvi wetu walimfikiaje?” Sikulijibu. Nikamtazama kijana wa nyuma ambaye muhula huu mzima hajanyoosha kidole, mjomba wake ni mvuvi. Akasimama. Akaeleza jarife, wavu wa papa, unavyoshushwa kina kirefu na kuachwa usiku, na jinsi unavyokamata hata kisichokusudiwa. Alitumia kama dakika sita. Akaenda ubaoni akachora mteremko wa bahari, akaonyesha wavu unakaa wapi na samaki anakaa wapi, kwa chaki.

Wiki ijayo wameomba waje na mjomba.